Kiraka cha Mkono wa Kushoto

Ulikuwepo. Usiniambie hukuwepo. Jumamosi ile ulikuwa ufukweni Kirumba na ndoo yako, au na baiskeli yako, au umesimama tu na simu sikioni unasikiliza mpira, na ulimwona mtu anashuka na tanga begani. Miezi kumi na minne umekaa kimya. Jumapili iliyopita tumeutundika ule mfarishi kwenye ukuta wa Bi Mastura, upande wa njia, makusudi, ili uuone. Ukasimama. Ukasema rangi zake nzuri, ukauliza bei. Ulipoambiwa hauuzwi, na ukaambiwa ni wa nani, ukaanza kutazama viatu vyako kama umevinunua leo.

Nimekuona. Mimi naitwa Kija, nashona maturubai Mabatini, na tanga pale mtu akihitaji. Shule niliishia darasa la saba, mengine nimejisomea kwenye magazeti wanayofungia vitumbua. Lakini sisahau. Namkumbuka aliyekata bomba la maji la mtaa wetu na mwaka aliolikata, na nguo aliyovaa. Kwa hiyo keti, nikueleze jambo hili toka mwanzo. Na mahali pangu pa aibu sitaparuka.

Nyumba ya Bi Mastura iko Kirumba, juu ya majabali, ukisimama barazani unaona ufukwe wote na mitumbwi yake. Mama yake alikuwa mtia rangi, na bibi yake pia. Hanunui rangi ya pakiti. Anachemsha magome ya mgunga, anapata kahawia. Maganda ya vitunguu yanampa dhahabu. Kokwa za parachichi, zile unazotupa wewe, zinampa waridi laini kama kiganja cha mtoto. Rangi nyeusi anaitoa kwenye ndoo ya misumari yenye kutu aliyoiloweka kwa siki na sukari guru mpaka inanuka. Ukichovya manyoya ya kuku humo na kuchora juu ya nguo iliyopitia magome, mstari unakuwa mweusi palepale na hautoki tena, hata ufue kwa hasira.

Wanawake sita tulikuwa tunakutana kwake kila Jumamosi kushona mifarishi. Asiyeujua mfarishi, ni shuka nene: juu viraka vilivyotiwa rangi na kuchorwa kwa mkono, katikati pamba iliyochambuliwa, chini nguo nzima ya kushikilia, halafu unashona vyote pamoja kwa sindano, mishono midogo midogo, mpaka mgongo unalia. Tukimaliza tunaianika juu ya majabali, na hapo ndipo ugomvi na waanika dagaa unapoanza.

"Getruda, mfarishi wako unanuka dagaa!"

"Atakayeununua atalala ameshiba," Getruda anajibu. Huyo Getruda hakosi jibu, hata msibani.

Rebeka ndiye alikuwa mgeni kwetu. Mtoto wa Nansio, ameolewa na Kashindye, Msukuma wa Magu, mvuvi wa dagaa. Kwa kuchora hakuna aliyemfikia. Alikuwa akishika unyoya, ndege mdiria anatokea kwenye kitambaa na mdomo wake mrefu, unadhani ataruka. Lakini kwenye sufuria alikuwa hovyo. Na Jumamosi ile, ya kwanza ya giza, maana dagaa huvuliwa siku zisizo na mwezi, ndipo alipoharibu.

Bi Mastura alimpa kokwa za parachichi na kipande cha marekani, akamwambia achemshe kwenye sufuria la bati jeupe. Rebeka akaliona limejaa vitunguu, akachukua karai la chuma lililokuwa nyuma ya nyumba, lile bovu lenye kutu. Kila mtia rangi anajua: chuma kinakula rangi. Akatoa kitambaa, badala ya waridi kimekuja rangi ambayo haina jina. Jivu lililochanganywa na zambarau, na mabaka meusi upande mmoja pale nguo ilipogusa kutu.

Tulicheka. Mungu atusamehe, tulicheka mpaka majirani wakachungulia.

"Mwanangu," Bi Mastura akasema akijifuta macho, "miaka sitini natia rangi, hii sijawahi kuiona. Umetupikia radi."

Kashindye akatokea hapohapo, saa kumi jioni, kuchukua tanga. Tajiri wake, yaani mwenye mtumbwi, anaitwa Jonathan. Injini yake ilikuwa ikimzimikia ziwani, akaagiza tanga la akiba. Nililishona mimi, marekani mpya, vipande vinne vimeunganishwa, na Bi Mastura akaliloweka magome siku tatu lisiote ukungu. Siku ile ndiyo lilikuwa limekauka. Nililikunjua mbele ya Kashindye, nikalipitisha mikononi pindo kwa pindo, kama ninavyofanya kwa kila mteja. Halikuwa na tundu hata la sindano iliyokosea.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mtazame mkeo alichokifanya."

Kashindye akakichukua kile kitambaa kibovu kwenye kamba, bado kina unyevu. Akakigeuza. Rebeka akataka kumpokonya, amekasirika karibu kulia.

"Niachie, nakifanya tambara la sakafu."

"Hiki changu," Kashindye akasema. Akakifunga shingoni. "Ziwani kuna baridi. Na nikipotea mtanijua, hakuna mwingine mwenye rangi hii Mwanza nzima."

Ilikuwa utani. Getruda akamwambia amekuwa bwana harusi wa majivu. Akacheka, akaliinua tanga begani, begani kushoto, maana alikuwa mashoto, kila kitu alikifanya kwa mkono wa kushoto, hata kusalimia mpaka watu walikuwa wakimsema. Akaanza kushuka majabali. Uwanjani kule walikuwa wamefunga goli, kelele zikapanda mpaka huku. Nilimfuata kwa macho mpaka mwisho wa majabali. Halafu uzi ukanichomoka, nikainama kutunga sindano. Nilipoinua kichwa mtumbwi ulikuwa umeshaondoka.

Huko kuinama sijilaumu. Ninajilaumu kwa kilichofuata.

Asubuhi hawakurudi. Siku ya pili mtumbwi ukaonekana umepinduka karibu na kisiwa, tanga limejizungusha kwenye mlingoti, tajiri akavivuta vyote nyumbani. Siku ya tatu ziwa likatoa watu wawili, siku ya nne likamtoa mwenzao Paulo. Watatu. Kashindye halikumtoa.

Tajiri Jonathan akalia kwenye misiba yote mitatu. Alinunua sanda. Lakini alipoulizwa kuhusu Kashindye akasema, "Huyo hakupanda. Aliwaletea wenzake tanga, akasema tumbo linamuuma, akaondoka zake." Leo najua kwa nini. Mtumbwi ule umeandikishwa watu watatu na maboya matatu ya kuvaa. Akisema walikuwa wanne, lazima aseme pia boya la nne lilikuwa wapi.

Basi uvumi ukafanya kazi yake. Kwanza Kashindye alikuwa na tumbo. Baada ya wiki alikuwa na mwanamke. Baada ya mwezi mwanamke huyo alikuwa na duka kisiwani na mtu alikuwa amemwona Kashindye akiuza sabuni humo. Ndugu zake wa Magu wakakataa kuweka msiba: mtu aliye hai haombolezwi. Rebeka akakaa katikati. Si mke, si mjane. Akivaa nguo nyeusi anaambiwa anamchuria mume. Akivaa ya maua anaambiwa ameshapata mwingine. Alichokitaka kilikuwa kimoja tu, na alikisema kwa kila mtu aliyekubali kusikiliza: jina la Kashindye liandikwe pamoja na wale watatu, ili awekewe msiba, ili binti yao asikue akiitwa mtoto wa mtoro.

Akanijia Mabatini. Alisimama mbele ya cherehani yangu.

"Dada Kija, ulimwona akienda?"

"Nilimwona akitoka kwa bibi. Baada ya hapo sijui."

"Twende ofisi ya uvuvi ukaseme hivyohivyo. Ukaseme alikuwa na tanga, ukaseme alikuwa na kile kitambaa."

Nikamwambia nina kazi nyingi. Nikamwambia wiki ijayo. Juu ya meza yangu kulikuwa na turubai la tajiri Jonathan, na chini ya meza mengine mawili ya kwake. Rebeka aliyaona. Hakuja tena kuniuliza, na kila Jumamosi tulikaa baraza moja tukishona mfarishi mmoja, yeye kona ile na mimi kona hii, na katikati kuna pamba.

Ndiyo maana nakujua wewe. Nakujua jinsi unavyosema "sikuona vizuri." Nilikuwa na ya kwangu: "baada ya hapo sijui." Ilikuwa kweli, na nilijificha nyuma yake kama mtu aliyejificha nyuma ya mlango wa kioo.

Mwaka ukapita. Mwezi uliopita Getruda akapita ghala la tajiri kutafuta nguo za kuukuu. Nguo iliyopitia magome ikazeeka inakuwa laini, haipasuki, inafaa sana kwa upande wa chini wa mfarishi. Josephat, mtunza ghala, akamvutia bunda kutoka nyuma ya mapipa, akamwambia chukua, linanipa panya. Getruda akalibeba kichwani mpaka kwa Bi Mastura. Tukalishika wanne, kila mtu pembe yake, tukalitandaza juu ya jabali tulifue.

Lilikuwa tanga langu. Mkono wangu naujua. Vipande vinne, mshono maradufu. Na karibu na ukingo wa juu, pale upepo unapovuta, kulikuwa na mchaniko wa urefu wa mkono mzima, na juu ya mchaniko kiraka kilichoshonwa kwa uzi wa nyavu.

Jivu na zambarau. Mabaka meusi upande mmoja.

Bi Mastura akapiga magoti pale jabalini, akalowesha kidole kwa mate, akasugua. "Karai langu," akasema. "Hili ni karai langu bovu."

Rebeka alikuwa ameshaweka mkono juu ya kiraka. Hakulia. Alikuwa anaisoma ile mishono kwa kidole, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayehesabu watoto. Mtu wa mkono wa kulia anapofunga kiraka, uzi wake unalala upande huu. Ule ulilala upande wa pili. Wote. Na ulianza vizuri, umekazwa, umepangwa. Halafu katikati ukawa mrefu, ukaenda mbio, na mwisho hakukuwa na fundo. Uzi ulining'inia tu.

"Alikuwa anashona kama anafukuza inzi," Rebeka akasema taratibu. "Kila siku nilimcheka." Halafu akasema, "Hakumaliza."

Mimi ndipo nilipokaa chini. Maana nilielewa kabla ya wengine, kwa kuwa nilikuwa nimeificha nusu yake mwenyewe. Tanga lilitoka mikononi mwangu zima, saa kumi ya Jumamosi. Kitambaa kilitoka karaini saa hiyohiyo, kikaenda shingoni kwa Kashindye. Mtumbwi ukaondoka jioni ileile na haukurudi. Sasa niambie: kitambaa kile kilishonwa kwenye tanga lile lini, kama si ziwani? Na nani akishone, kwa mkono ule?

"Rebeka," nikasema.

"Nakusikia."

"Nilimwona mpaka mwisho wa majabali. Alikuwa nalo begani, zima, na kitambaa shingoni. Ningeweza kusema toka siku ile."

Nilitaka anitukane, nipumzike.

"Najua, dada," akasema. "Turubai lilikuwa la bluu. Utasema sasa?"

Nikasema nitasema.

Tulikwenda ofisini Jumatatu, sisi watatu, Rebeka, Bi Mastura na mimi, na tanga letu. Afisa tuliyempata ni kijana mpole, alitupa viti. Tajiri Jonathan aliitwa, akaja na shati lake lililopigwa pasi, akaniona mimi, akashtuka.

"Kija! Hata wewe? Nani aliyekupa kazi miaka yote hii?"

"Wewe, tajiri. Na hili tanga pia ni wewe uliyenipa. Ndiyo maana nalijua."

Nikasema yote. Tajiri akacheka kidogo, akakishika kiraka kwa ncha ya vidole. "Rangi ya kizee tu hii. Kila mtu anayo."

Hapo Bi Mastura akainuka. Kumbe ule mfuko alioubeba, tuliodhani ni chakula, ulikuwa na jiko la mkaa, kisufuria, na lile karai. Akaliwasha uani, chini ya dirisha la ofisi. Akagawa kokwa za parachichi, nusu kwenye sufuria, nusu karaini, kila chombo na kipande chake cha marekani. Karani akatoka kumwambia hapa hapapikwi.

"Sipiki, mwanangu, natoa ushahidi. Niletee maji."

Maji yakaletwa. Wenye shida zao waliokuwa kwenye foleni wakazunguka jiko. Baada ya saa moja na nusu akainua vitambaa viwili kwa kijiti, kimoja waridi, kimoja radi, akakilaza cha pili juu ya kiraka, mbele ya afisa aliyekuwa anakohoa kwa moshi. Rangi zilifanana, na hata mabaka ya kutu yalikaa upande uleule, kwa sababu karai lina kutu upande mmoja tu. Getruda asingekuwepo kazini siku ile angesema neno. Mimi nililisema kwa niaba yake: "Tajiri, kama kila mtu anayo, tuonyeshe ya kwako."

Watu walicheka. Tajiri hakucheka.

Afisa aliandika kurasa mbili. Nilisoma kila mstari kabla ya kutia sahihi, na alingoja. Halafu akaweka kalamu chini, akasema na Rebeka kama mtu anayesema na dada yake.

"Mama, mimi binafsi nimeamini. Lakini karatasi hii itakwenda juu, na huko wataniuliza: je, kama alimpa Paulo kitambaa kwa sababu ya baridi, akarudi? Je, kama kuna mashoto mwingine? Dada Kija alimwona mpaka kwenye majabali. Nipatie mtu mmoja aliyemwona akipanda mtumbwini. Mmoja tu. Nitaifunga Alhamisi ya wiki ijayo, saa tatu asubuhi."

Rebeka akamshukuru. Akakunja tanga. Tulipofika kwenye majabali akasimama. "Ufukwe ulikuwa umejaa," akasema. "Jumamosi, siku za giza zinaanza. Ulikuwa umejaa, dada Kija."

Tukashona wiki nzima. Tumekikata kipande cha tanga chenye kiraka, hatukugusa mshono hata mmoja, ule uzi unaoning'inia tumeuacha unaning'inia. Ndicho kitovu cha mfarishi. Kukizunguka kuna dhahabu ya vitunguu, kahawia ya mgunga, na waridi lile Rebeka alilopaswa kulipata siku ile. Safari hii amelipata. Juu yake amechora kwa maji ya misumari: mdiria, majabali, mtumbwi wenye watu wanne. Ukiwahesabu utaona wa nne amekaa na sindano, mkono wa kushoto juu.

Upande mmoja hatukuufunga. Kwa Bi Mastura mfarishi wa msiba haufungwi pindo mpaka marehemu atajwe kwa jina lake mbele ya watu. Upande ule uko wazi, pamba inaonekana, na vumbi la njia linaingia. Hivyo ndivyo ulivyoukuta ukutani.

Na sasa nasema na wewe, si na yule aliye nyuma yako. Josephat ameshaniambia kwa kunong'ona kwamba alikuwa ghalani, hakuona. Sawa. Lakini wewe ulikuwa majini mpaka magotini, unasukuma au unaangalia wanaosukuma. Nimeulizia, nimeambiwa mtumbwi wa Jonathan ulikuwa mzito, ulihitaji watu sita kuutoa mchangani. Sita. Watatu wamekufa, wa nne ni Kashindye. Wawili mko hai. Mkono wako uligusa ubao uleule alioushika yeye.

Unaogopa kukosa kibarua. Mimi maturubai ya Jonathan yameondoka Jumanne ya wiki iliyopita, yote, hata lile nililokuwa nimefikia katikati. Nimekula. Nimelala. Jana nimeshona shuka la kichanga, kazi ndogo, lakini nimeishona nikiwa nimenyanyua kichwa.

Rebeka hakutakii ubaya. Ameniambia nikuambie hatakuuliza kwa nini ulichelewa. Mimi ningekuuliza, lakini si mimi niliyefiwa.

Leo ni Jumatano. Kesho saa tatu afisa anafunga karatasi yake. Maneno yanayotakiwa ni mawili: nilimwona akipanda. Kama unaogopa kuingia peke yako, njoo kwa Bi Mastura saa mbili, tutakwenda pamoja, Getruda atakuchekesha njiani. Weka ndoo chini. Acha kutazama viatu. Panda haya majabali sasa hivi, gonga mlango, na sisi tutatoa sindano tuufunge ule upande ulio wazi.